Safari Hii Maji Umehesabu Wewe

Mume wangu Baba Salma,

Nimekaa na mstari huu mmoja tangu chai ya asubuhi, maana sijui mtu aliyekwenda huko uliko huulizwa hali au haulizwi. Zamani tukiwa wachumba, na wewe uko masomoni, nilikuandikia barua ikaanza na "dhumuni la barua hii ni kukujulia hali." Ukanirudishia ina alama nyekundu pembeni, mwanamume usiye na haya: "Dhumuni lisemwe likifika." Haya, mwalimu wa jiografia. Leo nalo lipo, nitalisema likifika.

Eda nimemaliza Ijumaa. Miezi minne na siku kumi ndani ya nyumba hii ya Chuno, bila wanja, bila hina, bila kukanyaga hata harusi ya mtoto wa jirani. Nimeihesabu kwa mwezi wa angani, nikisimama uani kila unapoandama, nimeshika nguzo ya kamba ya nguo. Salma akawa ananipigia simu kutoka Masasi: "Mama, si kuna kalenda ya msikiti? Tarehe zote zimeandikwa." Nikamwambia aniache. Mwanao hajui kwamba mama yake aliwahi kukosea mwezi kwa siku moja tu, na siku hiyo moja ikakunyima kitu ulichokitaka maisha yako yote.

Jioni ya Ijumaa hiyo nikatoka kwa mara ya kwanza. Sikwenda kwa mtu. Nilikwenda Shangani, pale tulipozoea kutembea, nikautafuta mwezi mpya mpaka nikauona kwa macho yangu haya. Nikahesabu kwa vidole palepale. Jumamosi mwezi mosi. Jumapili, si hii inayokuja, ile inayofuata, ni mwezi kumi na sita. Siku hiyo nakwenda mtoni. Safari yetu ileile ya siku moja, kwa mtumbwi wa Chande, kutoka kule juu kwenye kivuko mpaka mdomoni, Ruvuma inapoingia baharini. Na ninakwenda na dada yako, wifi Hadija. Cheka tu, najua unacheka.

Unakumbuka ulivyoanza? Ulikuwa na miezi miwili tu Mtwara, kijana wa Kingoni kutoka Songea, suruali imepigwa pasi mpaka inakata. Mimi nilikuwa nimejipamba tangu adhuhuri. Tukaenda Shangani kutembea kama watu wazima. Bahari mbele yetu, mimi pembeni yako, upepo wa kutosha. Ukavuta pumzi, nikasema moyoni, sasa anasema. Ukasema, "Hivi Ruvuma inaingilia upande gani?" Nikakuonyesha kusini kwa kidole, nimekasirika. Ndipo ukanieleza kwamba umezaliwa chini ya Matogoro, huko mto huu unakoanzia, na kwamba ukiwa mtoto ulikuwa ukiuruka kwa hatua moja ukitumwa dukani. "Mto mzima, nauruka kwa mguu mmoja," ulisema. "Nataka kuona unavyoishia." Sikuwa nimewahi kuona mtu mwenye hamu na mto kama wengine wanavyokuwa na hamu na nyumba ya bati. Nilikupenda hapohapo, ingawa nilikununia mpaka nyumbani.

Ukanunua daftari kubwa lenye jalada gumu, ukaandika juu yake MTO. Ninalo hapa mezani. Ukurasa wa kwanza umeuchora mto wote kwa penseli, kuanzia kwenu, na mwisho wake umeacha weupe, hukuchora kitu. Kisha orodha zako. Kofia mbili. Kamba ya katani. Madumu mawili ya maji ya kunywa. Barua ya mwenyekiti wa kijiji, kwa sababu ng'ambo ni nchi ya watu na mtumbwi haujui mpaka. Viboko: asubuhi wanakaa upande gani? Aulizwe mwenye mtumbwi. Chakula: mihogo ya kuchemsha, samaki wa kukaanga, korosho za kubanika. Mimi nikaongeza ming'oko kwa mwandiko wangu. Wewe ukaandika pembeni "hapana." Mimi nikaandika "ndiyo." Mabishano hayo yamekwenda kurasa tatu, miaka mitatu. Ulisema ming'oko ni mizizi ya porini, ngiri anachimba na wewe unachimba, halafu unajiita mtumishi wa serikali. Na chini kabisa, kwa wino mwekundu wa kusahihishia: "Mama Salma asije na mwavuli. Mtumbwi si harusi."

Kila Juni shule zikifungwa ulilifungua. Ukalipangusa, ukavuta kiti, ukaniita, "Mama Salma, njoo tuondoke." Tukawa tunaondoka mezani. Unanisomea tutapita wapi saa ngapi, nami nakuuliza je, nikibanwa na haja katikati ya mto, unaandika: "Haja: mchanga wa kisiwa cha pili." Kisha Juni inakwisha. Mara mitihani ya wanafunzi wako, mara Salma ana surua, mara mama yangu anaumwa Mikindani. Nikwambie kweli, mimi kupanga kulinitosha. Ningeweza kuzeeka nikipanga na wewe safari ile. Wewe ndiye ulikuwa unataka kufika.

Hatimaye ukaja mwaka ule wa Idi mbili. Salma alikuwa ameshaolewa, nyumba imebaki yetu wawili, tukakosa visingizio. Mwaka ule mtaa wetu uliswali Idi mara mbili. Watu wa msikiti wa kaka zangu walifuata mwezi ulioonekana nchi za nje, wakafungua mapema. Wengine wote, na wewe ukiwamo, wakasubiri mwezi uonekane hapa nchini, wakaswali kesho yake. Nyumba moja, mume amefunga, mke anakula pilau. Ulikaa kizingitini ukinitazama, ukasema, "Mama Salma, harufu hii utaulizwa siku ya hesabu." Kesho yake ukala wewe, nami nikala tena. Hakuna kati yetu aliyefikiri kwamba Idi hizo mbili zitatufuata mpaka mtoni.

Maana maji ya bahari hayasomi kalenda ya ukutani. Sisi wa pwani tunayahesabu kwa mwezi. Mama yangu alinifundisha nikiwa mdogo, tukienda kuokota chaza: mwezi mosi maji yamekauka saa nne asubuhi, na kila siku inayofuata yanachelewa karibu saa nzima, mpaka mwezi kumi na sita yanarudi saa nne ileile. Ukijua leo mwezi wa ngapi, unajua maji yako wapi. Nami nikahesabu kuanzia Idi yangu, ile ya mapema. Nikasema siku ya safari yetu ni mwezi kumi na saba. Ilikuwa kumi na sita. Nilizidisha siku moja, na siku moja kwenye maji ni saa moja.

Chande alikuwa amekwambia kwenye simu kwamba tuondoke saa kumi na moja alfajiri, ili tuuwahi ule mkono wa mto unaokatiza kwenye mikoko kabla haujakauka. Nikasema saa kumi na mbili, muda upo. Ukaniuliza mara moja tu, unakoroga chai. "Una hakika, Mama Salma?" Salma alikuwapo na mumewe, wamekuja kutuaga. Nikakujibu mbele yao, nimeweka mkono kiunoni, "Mngoni utanifundisha mimi maji? Ninyi kwenu mto mnauruka." Wakacheka. Ukacheka na wewe, ukachukua kalamu ukaandika saa kumi na mbili.

Asubuhi ya siku ile ninayo yote, Baba Salma. Nikifumba macho naanza nayo mwanzo. Chande alitukuta pale kivukoni amesimama mikono nyuma, akasema, "Maji yanatukimbia hayo," nami nikamwambia aache woga. Wewe ukakaa mbele, mgongo umenyooka, daftari kwenye mfuko wa nailoni. Mto ulikuwa mpana na umetulia, maji rangi ya chai ya maziwa, na mchanga umejitokeza katikati kama mgongo wa ng'ombe. Viboko walikuwa upande wa ng'ambo, vilevile ulivyoandika baada ya kumuuliza Chande, ukawapigia alama ya vyema. Wanawake waliokuwa wakifua upande ule wakatusalimu Kimakonde, nikawajibu. Ukauliza wamesema nini. Nikakwambia wanauliza yule mrefu aliyekaa kama mwalimu mkuu ni wa wapi. Hawakuuliza hivyo. Waliuliza tu kama tumeamka salama.

Saa nne tukaingia kwenye ule mkono, mikoko huku na huku, mizizi yake yote iko nje. Chande akaacha kafi akashika pondo. Akasukuma mara moja, mara mbili, mara ya tatu pondo likazama kwenye tope likang'ang'ania. Mtumbwi ukakaa. Maji yaliyobaki yakawa yanatupita pembeni, membamba, yanakwenda zake baharini bila sisi. Chande akageuka taratibu akauliza, "Nani kahesabu maji haya?"

Nilifungua mdomo. Wewe ukasema, "Mimi."

Ulisema haraka, kama mwanafunzi anayejua jibu. Nikakutazama kisogo, hukugeuka. Nikafunga mdomo wangu. Nilifikiri, anakubali lawama mara hii tu, kwa sababu ya mgeni, tukifika nyumbani atanisema. Hukunisema siku hiyo, hukunisema kamwe.

Kisha ukataka kushuka usukume. Chande akakukataza, na wewe ukikatazwa ndio unashuka. Tope likakumeza mpaka mapajani. Tukakuvuta, mimi kwapa hili, Chande kwapa lile, ukatoka na mguu mmoja una kandambili na mwingine hauna. Kandambili moja iko huko mpaka leo. Tukakaa kwenye mtumbwi uliolalia ubavu tangu saa nne mpaka saa saba na zaidi, jua limesimama juu ya vichwa vyetu, kaa wadogo wanatutazama kutoka kwenye mashimo yao. Nikatoa mwavuli. Nilikuwa nimeuficha chini ya kanga. Ukautazama, ukautazama na wino wako mwekundu kwenye daftari, ukasogea chini yake.

Ukala ming'oko pia. Mihogo iliisha, samaki wakaisha, njaa ikakunyoosha. Ukala mmoja, ukala mingine, ukasema, "Si mbaya sana." Chande alisinzia upande wake na kofia usoni. Wewe ukanisimulia jinsi mto unavyotoka chini ya mwamba huko kwenu, baridi mpaka meno yanauma, na jinsi mama yako alivyokuwa akiwakataza kuuchafua kwa kuwa kuna watu chini wanaunywa. "Watu wenyewe ndio ninyi," ukaniambia. "Mimi nimekatazwa kukuchafulia maji tangu nina miaka sita." Ukalaza kichwa begani kwangu, mtu wa miaka hamsini na kitu, una matope mpaka kiunoni. Tukawa tunasikia mawimbi. Yalikuwa karibu hivyo. Chande alisema imebaki kona moja tu.

Sijawahi kuwa na furaha kama saa zile, na furaha hiyo niliipata kwa kosa langu. Ndiyo maana sikuweza kuisema sawasawa kwa mtu yeyote.

Maji yaliporudi yalirudi na nguvu zake, yanaingia ndani na upepo wa kusi nyuma yake. Chande akajaribu, akatikisa kichwa, akageuza. Ukaomba asimame kidogo. Ukasikiliza yale mawimbi, ukasema, "Haya. Kuusikia ni nusu. Mwaka kesho tutauona." Tukarudi juu tunasukumwa na maji yaleyale.

Mwaka kesho, Baba Salma. Mwaka kesho ng'ambo hakukuwa shwari, mwenyekiti wa kijiji akasema mto si wa kutembelea. Mwaka uliofuata vilevile. Kulipotulia wewe umestaafu, presha imekushika, mguu wa kushoto unavimba, daktari amekataza jua. Ukawa unalifungua daftari Juni, unalipangusa, unalifunga. Hukuniita tena tuondoke.

Lakini masihara hayakukatika. Kila harusi, kila sherehe ya jirani, mtu akikuona anainua mguu mmoja. Mwalimu kandambili ziko wapi. Mwalimu mwezi wa ngapi leo. Mtu wa bara alitaka kuwahesabia watu wa pwani maji. Dada yako Hadija akija kutoka Songea ndio alikuwa kinara: "Kaka yangu kasomea ramani ya dunia nzima, kashindwa na dimbwi." Na wewe unacheka mpaka unakohoa. Mimi nipo jikoni, nakuna nazi, nasikia. Mara ngapi nilisema leo nitatoka niseme. Nazi ikaisha, mchele ukaiva, sikutoka.

Na hata msibani kwako. Ulitutoka mwanzoni mwa masika, adhuhuri, umekaa kwenye kiti chako, kama mtu aliyesimama kwenda kuchukua kitu chumbani. Siku ya pili ya matanga akaingia mtani wenu, Bi Somoe wa mtaa wa pili, Mmwera, na haki ya mtani msibani huijui wewe? Alikunja suruali yako mpaka magotini, kandambili mguu mmoja, mwiko wa ugali ndio kafi. Akajipaka matope ya bombani. Akakaa katikati ya watu kwenye sinia, akawa anapiga kafi, kisha akakwama. Akainua uso akaita kwa sauti yako, ile ya darasani: "Mama Salma, maji yamekwenda wapi?"

Watu waliokuwa wakilia wakacheka mpaka wakalala kwenye mikeka. Wifi Hadija alicheka machozi yanamtoka, akapiga mapaja yake. Bi Somoe akanitazama, anasubiri nijibu, kwa sababu mfiwa hujibu. Nilitakiwa niseme neno lolote la mzaha. Nilikuwa na neno moja tu mdomoni nalo halikuwa mzaha. Nikajifunika kanga. Wakasema, mwacheni, ana uchungu. Niliona aibu kuliko uchungu, mume wangu, na uchungu wenyewe haukuwa na mfano.

Dada yako alikuwa ameshaniambia lake asubuhi ile. Alitaka ulazwe kwenu, Songea. Mimi nikakataa, nikasema wosia wako ulikuwa uzikwe hapa. Akaniambia polepole, bila kunitukana: "Tulikupa kijana, wifi. Hata maiti hukuturudishia." Nilijua nimekunyima zaidi ya hapo na yeye hajui.

Sasa sikiliza nililolikuta. Katika eda, mtu ana siku nyingi. Mwezi wa pili nikalifungua daftari, nikawa nasoma ukurasa mmoja kwa siku ili lisiishe. Nikafika ukurasa wa safari yetu. Pale juu, kwa penseli, mwandiko wako mdogo: "Chande: saa 11 alfajiri. Mwezi wa hapa 16, si 17. Nimelinganisha. Sawa." Umekata mstari mmoja juu yake, mstari ulionyooka kwa rula. Chini, kwa kalamu: "Saa 12. Mama Salma."

Ulijua. Ulihesabu wewe, mtu wa bara, na ulipatia. Ukakata.

Nilikasirika, nisikufiche. Nililifunga daftari kwa kishindo nikasema nawe kwa sauti, peke yangu sebuleni. Kwa nini usiseme? Ulitaka mto au ulitaka kunifurahisha? Unaniachia mzigo kama huu halafu unakwenda kulala? Siku mbili sikulishika. Siku ya tatu ndipo nikakumbuka kijiko kinavyozunguka kikombeni. Una hakika, Mama Salma? Ulisema. Mimi ndiye niliyekufunga mdomo, tena mbele ya mkweo, kwa utani wa Mngoni anayeruka mto. Ungefanya nini, ubishane na mkeo mbele ya mkwe juu ya maji ya kwao? Ukachagua kukwama na mimi.

Hilo ndilo dhumuni, limefika. Nilikosea mimi. Nimeliandika, na nimelisoma kwa sauti kuona kama linatamkika. Linatamkika.

Nimechagua mwezi kumi na sita makusudi, ili ile saa yako itumike vilevile ulivyoiandika. Maji hayabadiliki: mwezi kumi na sita wa mwaka wowote yanakwenda kwa saa ileile. Nimechukua kifutio nikajaribu kuufuta ule mstari wa rula. Umefutika kidogo tu, penseli ya chini inasomeka. Barua ya mwenyekiti wa kijiji ninayo tayari. Salma amenigombeza kwenye simu, mjane wa juzi, magoti hayo, mtumbwi, mama umerukwa na akili. Nikamwambia baba yako ameshapanga kila kitu hadi mahali pa haja, mimi kazi yangu ni kukaa.

Juzi nikampigia Chande. Ana mvi sasa lakini sauti ileile. Akanipa pole tena, akauliza siku, nikamtajia. Akahesabu. Kisha akasema, kwa adabu, anachagua maneno, "Mama, usinielewe vibaya. Safari hii nani kahesabu? Maana marehemu Mwalimu, Mungu amrehemu, alitulaza matopeni."

"Mwalimu ndiye kahesabu," nikamwambia. "Ile ya kwanza nilihesabu mimi."

Nilisikia kuku wa kwake wanalia huko nyuma. Akasema, "Kumbe." Akaongeza, "Na akasema ni yeye." Nikasema ndiyo. Akasema, "Basi saa kumi na moja, mama. Msichelewe."

Huyo ni wa kwanza. Haikuniua. Amebaki dada yako, na huyo ndiye ninayemwogopa. Nilimwalika nikifikiri atakataa, akajibu, "Nakuja, nikaone hayo maji yaliyomshinda kaka yangu." Atashuka kwenye basi Ijumaa ya wiki ijayo, na vifurushi vyake vya maharage na maneno. Bi Somoe, niliyemweleza yote jana, ameniuliza dada yako nitamwambia wapi. Nimefikiri sana. Nyumbani atainuka aondoke, na akiondoka sitamlaumu. Nitamwambia mtoni, tukishapita viboko, mahali mtu hawezi kuinuka. Aniseme huko mpaka achoke. Kitu kinachonitia hofu si maneno yake. Anakohoa kama wewe kabla ya kusema jambo, umeliona hilo? Kikohozi kidogo, kimoja, halafu neno. Ndiyo sauti yako iliyobaki duniani, na huenda baada ya siku hiyo isitake kuingia tena nyumbani kwangu. Hata hivyo nitasema. Hawezi kufika mdomoni mwa mto akiwa anakucheka kwa kosa langu.

Nakukumbuka, Baba Salma. Nakukumbuka asubuhi zaidi, kwa sababu ya kijiko. Bado natia majani ya watu wawili kwenye birika, chai inakuwa nzito, nainywa hivyohivyo. Nakukumbuka hata ulivyokuwa ukinikera, unavyosahihisha vibandiko vya dukani kwa kalamu yako, unavyomwambia muuza samaki Ruvuma ina urefu gani bila kuulizwa. Ningetoa chochote unikere wiki moja tu.

Nimeshapanga vitu. Kofia mbili. Kamba. Madumu mawili. Ming'oko nitachemsha Jumamosi, wifi atasema hapana na atakula. Mwavuli nauchukua waziwazi. Na kandambili yako iliyobaki, niliyoitunza nyuma ya mlango miaka yote hii, nilitaka kuichukua nikaitupe pale nyingine ilipo. Nimebadili mawazo. Itakaa nyuma ya mlango.

Mbele ya mtumbwi, mahali pako, nitakaa mimi. Nikifika kwenye ile kona moja iliyobaki nitatazama tu. Nitaangalia maji ya kwenu yanavyoingia kwenye maji ya kwetu, rangi gani, upana gani, yanapigana au yanakubaliana, mpaka niweze kuyachora. Kisha nitachora kwenye ule weupe ulioacha. Jumatatu nitapita makaburini nikuonyeshe. Najua utanisahihisha.

Lala salama, mwalimu wangu.

Mkeo, Mama Salma,
niliyekosea maji.